Kabla Hamjachoma Kauri za Bibi

Bibi yetu mzaa baba alifia kijijini, si mbali na Tabora mjini. Baada ya arobaini, ndugu tukakaa kugawana alivyoacha. Mashamba yalikwisha salama. Ng'ombe, vyombo, vitenge na cherehani ya marehemu babu vilipata wenyewe bila mtu kununa. Kilichotugombanisha ni mkoba wa ngozi uliokuwa chini kabisa ya sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na mkanda ulioshonewa kauri (magamba madogo ya konokono wa baharini), kisahani cheupe cha gamba chenye tundu katikati, na kauri moja kubwa ya madoadoa, ile inayoitwa dondo.

Dada yangu mmoja wa ukoo, mlokole, hakutaka hata kuugusa. Alisema wazi kwamba hivyo ni vitu vya uganga, vichomwe leo leo visije vikatuletea mikosi. Binamu yetu anayeishi Dar es Salaam akasema visichomwe, viuzwe. Alimjua mfanyabiashara wa vinyago, na huyo alipopigiwa simu akataja shilingi laki tatu kwa vyote bila kuviona. Wazee wakanyamaza. Mimi ni mwalimu wa fasihi, nimezoea kuambiwa kwamba kila kitu cha kale kinanihusu, basi nikakabidhiwa mkoba nikae nao mpaka kikao kitakachofuata.

Naandika kwa sababu tangu siku hiyo watu wengi wameniambia kwamba kwao pia kulikuwa na vitu kama hivyo, na maneno yanayofuata karibu kila mara ni "tulivichoma". Wengine wanasema "tuliviuza". Hakuna aliyeniambia ametulia baada ya hapo.

Hofu hii ina chimbuko, na ni vizuri kuiheshimu kabla ya kuipinga. Kizazi chetu kimeiona kauri mahali pachache: kwenye kibuyu cha mganga, juu ya ungo wa ramli, na kwenye filamu ambazo mganga lazima avishwe mkufu wa kauri ili mtazamaji amtambue. Dada yangu alikuwa na sababu nzito zaidi. Alishazika watoto wawili wachanga, na katika kuhangaika alipelekwa kwa mganga aliyemwaga kauri mkekani, akamtajia mama yake mzazi kuwa ndiye anayewala watoto wake. Mama na mwana hawakusemeshana kwa miaka. Mtu aliyepita hapo, ukimwambia "haya ni magamba tu ya konokono wa baharini", humsaidii kitu. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowashauri walio katika mgogoro kama wetu ni kumpa mwenye hofu nafasi ya kueleza hofu yake ilianzia wapi. Tulipomsikiliza hadi mwisho, aliacha kudai moto. Alichotaka ni mkoba usilale nyumba anayolala yeye. Hilo halikutugharimu kitu.

Wiki za mwanzo nusura tupoteze vile vitu si kwa moto bali kwa usafi. Ndugu mmoja alizichukua kauri chache zilizokuwa zimebanduka kwenye mkanda, akaziloweka usiku kucha kwenye maji ya limau na chumvi ili kuondoa uchafu na nuksi kwa pamoja. Asubuhi zilikuwa zimepoteza mng'ao wote. Ukiipitisha kidole unabaki na unga mweupe, na yale meno madogo kando ya mdomo wa kauri yalikuwa yamelainika, hayakwaruzi tena. Gamba limejengwa kwa kalisi kaboneti, jamii moja na chokaa na matumbawe, na asidi hulila. Limau, siki, soda na dawa za kusafishia choo ni sumu kwa gamba. Dawa ya kung'arisha nguo nayo iepukeni, hasa palipo na ngozi na uzi. Tumieni brashi laini iliyo kavu. Pakizidi uchafu, kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji matupu na kukamuliwa, kisha kausheni kivulini.

Kuhifadhi pia kuna mambo yake. Mbao za aina kadhaa, na hata maboksi ya karatasi ngumu, hutoa mvuke wenye asidi. Ukifungia magamba humo bila hewa, baada ya miaka hutokwa na ukungu mweupe na kuanza kumomonyoka. Sanduku la bati la bibi lilikuwa salama kuliko kabati la vioo na mbao ambalo binamu alitaka kulichongesha. Viringisheni kila kitu peke yake katika kitambaa cheupe kilichofuliwa. Msikate uzi wala kuzipanga upya kauri ili mkanda upendeze, kwa sababu mpangilio wenyewe unaweza kuwa na habari ambayo bado hamjaambiwa. Na kabla ya lolote, pigeni picha pande zote, rula ikiwa pembeni.

Kazi ngumu ilikuwa kuuliza. Binamu yangu alijaribu kwanza. Aliwakusanya wazee, akawasha simu irekodi, akauliza: "Kauri zina maana gani katika mila zetu?" Alijibiwa kwamba ni mambo ya zamani. Akauliza tena kwa namna nyingine, akaambiwa ni urembo. Kila mzee pale alikuwa akimwangalia mwenzake. Mmoja ni mzee wa kanisa, mwingine amekwenda Hijja, na hakuna aliyetaka kuonekana mbele ya wenzake kwamba anayajua sana mambo hayo.

Mimi nilingoja wakati wa karanga. Nilikwenda kwa shangazi, mdogo wa mwisho wa baba, nikakaa naye ukumbini tunabambua. Mikono ikiwa na kazi, macho hayakutani, na mzee husema. Sikumuuliza maana. Nilimuuliza alikiona kitu hiki kwa mara ya kwanza wapi, nani alikuwa anakivaa, kilitolewa sandukuni siku gani, nani alikatazwa kukigusa, na nani alikasirika kilipopotea. Maswali hayo yanajibika. Mtu hana haja ya kuwa mtaalamu wa mila ili kukumbuka kwamba alichapwa akiwa na miaka saba kwa kuchezea mkanda wa mama yake. Ushauri wangu kwa anayetaka kurekodi: ombeni ruhusa, wekeni simu pembeni ikiwa imelala, na msianze na kitu chenye utata. Mimi nilianza na dondo.

Dondo lilikuwa la babu. Babu alikuwa fundi wa kanzu Tabora mjini, na alilitumia kulalisha mshono. Ukishalishika unaelewa. Linajaa kiganjani sawasawa, zito kidogo, laini kama kwamba limepakwa mafuta. Upande mmoja wa mgongo madoa ya kahawia bado yamekolea na linang'aa; upande wa pili, ulipokuwa ukipita juu ya kitambaa miaka nenda miaka rudi, madoa yamefifia na pamebaki bapa jeupe lisilo na mng'ao, upana wa kidole gumba. Shangazi alisema babu alikuwa akilipuliza kwanza, analipangusa kwenye kikoi, halafu anasugua mshono kwa kwenda mbele tu, harudi nyuma. Uganga haukuwamo hata kidogo. Hiki ndicho ambacho dada yangu alikitaja wa kwanza kichomwe, kwa sababu ndicho kikubwa na kina macho mengi.

Mkanda ulichukua muda zaidi, na shangazi alinyamaza mara kadhaa. Alisema bibi alifungwa mkanda ule na mama yake mzazi, baada ya mimba kutoka moja baada ya nyingine. Aliuvaa chini ya nguo mpaka alipojifungua baba mkubwa, akauvua, akauvaa tena alipopata mimba ya baba yangu. Kauri zilishonwa upande wa mdomo utazame nje, na shangazi hakuona haya kunieleza kwa nini: ule mfereji ndio mlango wa kuzaliwa. Katikati ya mkanda pana nafasi ambapo kauri hazikuwahi kushonwa. Ni za watoto ambao hawakukaa. Bibi hakuwataja majina, lakini nafasi hiyo hakuiziba.

Nilipompelekea dada yangu habari hizi, aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo bibi naye alizika?" Kisha akalia kwa muda mrefu. Alikuwa ameishi na bibi chini ya paa moja katika miaka yake yote ya msiba, na hakuna aliyewahi kumwambia. Hakubadili imani yake na sikumtaka abadili. Lakini tangu siku hiyo alipoutaja ule mkanda hakusema tena "vitu vya uganga". Alisema "mkanda wa bibi".

Kisahani cheupe ndicho kilichonipeleka mbali. Shangazi alikiita kibangwa. Hutengenezwa kwa kukata kitako cha kome wa baharini mwenye umbo la pia, kisha kukisugua mpaka kiwe bapa. Cha kwetu kina upana wa sentimita tano hivi. Upande wa juu unaonyesha mstari unaozunguka kuelekea kwenye tundu la katikati; upande wa nyuma umebonyea. Kilikuwa cha baba yake bibi, ambaye alikuwa mwanangwa, msimamizi wa kijiji chini ya mtemi. Alikivaa kifuani siku za mabaraza na siku za kutambikia. Serikali ya Tanganyika ilipofuta utemi mwaka 1963, vitu vya namna hii havikuwa tena na baraza la kwenda. Vikaingia masandukuni, na wajukuu tuliozaliwa baadaye tukavikuta humo bila maelezo.

Lakini Tabora haina bahari. Kutoka hapo mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800 kwa njia ya miguu. Kome yule aliletwa begani. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Vijana walishuka pwani na misafara ya pembe za ndovu, na aliyekuwa hajaiona bahari hakuhesabiwa sana miongoni mwa wanaume wenzake. Walirudi na nguo, shanga, nyaya za shaba, na magamba. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini kitu ambacho pwani kinaokotwa mchangani kilifaa kuvaliwa na kiongozi bara. Kifuani mwa mwanangwa kulikuwa na safari nzima ya miezi, ya kwenda na kurudi, na kila aliyekitazama aliijua safari hiyo au alikuwa na ndugu aliyekufa akiwa njiani.

Nilipozidi kusoma nilikuta yaliyoniumiza. David Livingstone alipofika kwa chifu Shinte, katika nchi ya Walunda, mwaka 1854, chifu alimvisha shingoni gamba la aina hiihii iwe alama ya urafiki wao. Livingstone akaandika kwamba huko, mbali na bahari, magamba mawili yalitosha kuwa bei ya mtumwa, na matano yalitosha kwa pembe ya ndovu ya thamani ya pauni 10. Nilifunga kitabu. Kitu nilichokuwa nimekiviringisha kwa kitambaa cheupe kabatini kwangu, kwingineko kilikuwa nusu ya bei ya mtu.

Kauri nazo zina historia hiyo. Kwa karne nyingi zilitoka visiwa vya Maldives. Wazungu walizibeba mpaka Amsterdam na London, zikanadiwa huko, kisha zikapakiwa tena kwenda Afrika Magharibi kununua watu. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg wakaona kwamba kauri za pwani yetu, zilizo kubwa kidogo na zenye pete ya njano mgongoni, zinapatikana kwa bei ya chini. Wakazisafirisha kwa meli kutoka Zanzibar mpaka Lagos na Ouidah, wakati huo zaidi kwa biashara ya mawese. Zikafurika sokoni mpaka thamani yake ikaporomoka, na aliyekuwa ameweka akiba ya kauri akaamka maskini.

Nilisita sana kumweleza shangazi. Mtu umemwomba akupe kumbukumbu za wazazi wake, halafu umrudishie habari ya bei ya watu? Nilimweleza hata hivyo, kwa sababu nisingependa mtu anifiche. Hakushtuka. Alisema: "Kila kilichopita Tabora siku zile kilipita na watu waliofungwa, mwanangu. Babu yangu alijua alichokivaa." Hakuongeza neno, akaendelea na karanga.

Haya yote yamebadilisha ninavyofundisha. Kwa miaka mingi vitabu vya mwongozo vimewafunza wanafunzi wetu kuorodhesha: kauri ni utajiri, lulu ni uzuri, kome ni mamlaka, gamba ni ulinzi. Mwanafunzi anakariri, anapata alama, na hajaona kitu. Sasa nawauliza yaleyale niliyomuuliza shangazi: nani anakishika, kimetoka wapi, kinafanya kazi gani katika ukurasa huu, nani anaumia kikipotea.

Chukua riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, ambayo Clement Ndulute aliitafsiri kwa jina la Shujaa Okonkwo. Mwanzoni Okoye anakwenda kwa Unoka, baba yake Okonkwo, kudai kauri 200. Unoka anacheka, anamwonyesha mistari ya chaki ukutani. Kila mstari ni kauri mia, na kuna mtu mmoja anayemdai kauri elfu. Darasani nawapa wanafunzi punje za mahindi wahesabu elfu moja. Wanakosea, wanaanza upya, wanagombana nani amemwaga. Huchukua sehemu nzuri ya kipindi. Baada ya hapo hakuna anayeandika kwamba "kauri ni ishara ya utajiri" akaishia hapo, maana ameshaonja uzito wa deni mikononi. Kisha nawaeleza kwamba Lagos na nchi ya Wayoruba kauri 40 zilikuwa uzi mmoja, 2,000 kichwa kimoja, na 20,000 gunia moja, mzigo wa mtu mzima. Tukifika mwishoni, pale mkuu wa wilaya anapowatoza wazee wa Umuofia magunia 200 na matarishi wanapowatangazia watu kwamba ni magunia 250 ili watie mfukoni hamsini, darasa linanyamaza lenyewe. Hawahitaji mimi niwaambie rushwa ni nini.

Riwaya ya William Golding ya mwaka 1954, Lord of the Flies, ina kome ambaye watoto waliopotea kisiwani wanampuliza kuitana, na aliyemshika ndiye mwenye haki ya kusema. Wanafunzi hukimbilia "demokrasia". Nawaambia watazame ni lini kome yule anaanza kupuuzwa. Anapuuzwa zamani, kabla hajavunjwa. Siku jiwe linapomsaga pamoja na Piggy, mmoja wa watoto hao, hakuna jambo jipya linalotokea kwa upande wa sheria.

Kwa utenzi wa Mwana Kupona, ulioandikwa mwaka 1858, siwezi kujifanya sina upendeleo. Mama mgonjwa anamwita binti yake, anamwambia akae naye aandike, na wasia anaompa anauita kidani cha lulu na marijani atakachomtungia amvishe shingoni. Zamani niliufundisha kama mfano wa sitiari nzuri. Siku hizi nafikiria zaidi kwamba alifaulu kusema kabla hajafa. Bibi yetu alituachia mkanda wenyewe, maneno akaondoka nayo, na tungeyapoteza yote kama shangazi naye angetangulia. Ningependa kila anayesoma utenzi huo aende nyumbani akamuulize mama yake swali moja.

Nilitaka pia kuona kibangwa kilikotoka, nikasafiri mpaka Bagamoyo. Nauli, malazi na chakula vilinila karibu nusu ya mshahara, na sijutii. Nawaonya mambo mawili watakaokwenda pwani kwa shauku kama yangu.

La kwanza ni usalama. Kome wa umbo la pia akiwa hai ana mwiba wenye sumu anaourusha kupitia ncha nyembamba ya gamba. Wako wadogo ambao sumu yao ni kama ya nyuki, na wako wengine, hasa yule mkubwa mwenye gamba jepesi lenye michoro kama ramani, wanaoweza kuua mtu mzima. Mvuvi mmoja aliniona nimeinama kwenye mwamba maji yakiwa yametoka, akanipigia kelele kabla sijanyoosha mkono. Usimwokote akiwa hai, usimtie mfukoni, na mtoto asiachwe achezee.

La pili ni dhamiri, na sheria. Dondo linalong'aa juu ya meza ya muuzaji halikuokotwa ufukweni. Konokono wa jamii ya kauri hulifunika gamba lake kwa nyama yake mwenyewe, ndiyo maana linang'aa. Akifa na gamba likisukwasukwa na mawimbi na jua, mng'ao hupotea haraka. Kinachong'aa kilitolewa kikiwa hai. Vilevile kome wakubwa wa baragumu wanaouzwa kwa watalii ni miongoni mwa wachache wanaomla yule nyota wa baharini mwenye miiba anayekomba miamba mizima, na tukiwamaliza tunamwachia shamba. Katika hifadhi za bahari, kama ile ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, kuokota tu ni kosa. Kombe wakubwa wa matumbawe wako chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuwavusha mpaka bila kibali kunaweza kukufikisha mahakamani. Anayetaka magamba ya kufundishia atumie yaliyokwisha kufifia, machache, au aombe picha. Magamba matupu yana wapangaji wao pia: kaa wasio na gamba lao wenyewe huyahitaji kwa kujificha.

Kuhusu kuuza, nilimweleza binamu kwamba vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuvipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mnunuzi aliyetaja laki tatu bila kuona alijua atakiuzia nani na kwa kiasi gani. Sisi ndio tusingejua. Binamu alikubali, ingawa alikuwa na ada za watoto zinazomsubiri na hakuna aliyemlipia. Nalitaja hilo kwa sababu ni rahisi kuwalaumu wanaouza. Wengi wanauza kwa shida, na ukoo unaotaka kitu kisiuzwe uangalie pia ni nani aliyebeba uchungu wa kutokukiuza. Tuliochanga baadaye tulimchangia ada ya muhula mmoja.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Kabla hakijaanza niliandika karatasi tatu, moja kwa kila kitu: kilikuwa cha nani, nani alisema, lini, na maneno yake kama alivyoyasema. Niliwasomea wote. Mzee wa kanisa na yule aliyehiji, waliokuwa wamenyamaza mwanzo, wakaanza kusahihishana kuhusu jina la mtemi aliyempa baba yake bibi uanangwa, na nikaandika masahihisho hayo pembeni. Dondo lilikwenda kwa mjukuu anayeshona nguo Tabora mjini, analitumia. Mkanda uko kwa shangazi, na ameshasema mbele yetu kwamba akifa utakwenda kwa dada yangu, naye hakukataa. Kauri zilizoharibiwa na limau tumeziweka katika kifuko chake, hatukuzitupa.

Kibangwa kiko kwa baba mkubwa, lakini hapo hatujamaliza. Yeye anataka baadaye kiende kwa mwanawe wa kwanza. Shangazi anasema kwa desturi ya zamani uongozi ulipita kwa mtoto wa dada, kwa hiyo mwenye haki ni mtoto wa binti. Wanaokisia kwamba atakayekipata atakipeleka makumbusho wapo pande zote mbili. Tumekubaliana kukaa tena baada ya tumbaku kuuzwa, na nimeombwa nije na karatasi zangu.